Saumu ya Ziwa Tanganyika

Katika nchi zetu kila mkulima ajua majira yake. Ajua mwezi wa kulima, mwezi wa kupanda, na mwezi wa kungoja. Hakuna mtu mwenye akili timamu aendaye shambani kuvuna mahindi yangali maua. Lakini habari za majira ya samaki wengi wetu hatuzijui, hata sisi tulao dagaa mara tatu kwa juma. Twadhani samaki ni kama mvua: akipatikana na achukuliwe wote, asipopatikana ni shauri la Mungu. Ndiyo maana Tanzania ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika, tangu tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti mwaka 2024, jambo hilo lilikuwa geni kwa watu wengi. Ziwa lafungwaje kama duka? Tena yule ambaye chakula cha watoto wake kimo ndani ya duka hilo, ale nini?

Maswali haya mawili yastahili majibu mema. Basi leo twendeni pamoja mpaka ziwani, tuone mahali penyewe, tujue sheria zake, ndipo tutoe hukumu.

Ziwa lenyewe

Atokaye Dar es Salaam kwa gari la moshi hupita Morogoro, Dodoma na Tabora, na baada ya kilomita zaidi ya 1,200 reli huishia Kigoma, mbele ya maji. Reli hiyo ilifika huko mwaka 1914, zamani za Wadachi. Karibu na Kigoma ni Ujiji, mji wa kale wa wafanya biashara, ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Siku hizo ziwa lilikuwa karibu zaidi na mwembe wao kuliko lilivyo leo, lakini mitumbwi na harufu ya samaki hazijaondoka.

Ziwa hili ni refu mno. Toka kaskazini mpaka kusini ni kilomita 670 na zaidi, lakini upana wake ni kama kilomita 50 tu. Kina chake chafika meta 1,470, na duniani pote ni ziwa moja tu lenye kina kupita hilo, nalo ni Baikal la Urusi. Nchi nne zaligawana: Kongo ina sehemu 45 katika kila 100, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Mvuvi wa Kibirizi akitazama magharibi wakati hewa ni safi huona milima ya Kongo. Huko Kalemie na Uvira, kama huku Kigoma, watu wapatana bei ya samaki kwa Kiswahili. Lugha ni moja, samaki ni hao hao, ila sheria ni za nchi nne. Neno hili tulishike, maana tutalihitaji mbele.

Mtu akishuka kusini kwa meli au kwa mashua hupita mlango wa mto Malagarasi, kisha milima ya Mahale, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985. Mbele yake ni Karema, kituo walichoanza Mapadre Weupe mwaka 1885, na ambapo Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, alifundisha dini na kutibu wagonjwa mpaka alipofariki mwaka 1956. Halafu ni Kipili, Kirando na Kasanga, na mwisho Mpulungu katika nchi ya Zambia. Katika pwani hiyo yote, kila ghuba ina mwalo, na kila mwalo una mitumbwi.

Mgeni atadhani kwamba maji mengi namna hii hayawezi kuishiwa samaki. Amekosea, na sababu ni hii. Katika ziwa hili hewa ya kuvuta samaki ipo juu tu. Ukishuka chini meta 100 hivi upande wa kaskazini, au meta 200 hivi upande wa kusini, hewa hiyo yapungua hata kwisha kabisa. Kule chini ni giza na maji mazito, ambamo samaki hawezi kuishi. Basi ziwa la kina cha zaidi ya kilomita moja lina shamba la juu juu tu, nalo lataka kutunzwa kama mashamba mengine.

Shamba hilo lapata mbolea yake kwa njia ya ajabu. Mabaki ya mimea na viumbe huzama chini na kukaa huko. Kuanzia mwezi wa Mei hivi mpaka Septemba, upepo wa nguvu huvuma kutoka kusini. Upepo huo husukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na maji ya chini yenye rutuba hupanda juu upande wa kusini. Hapo mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho huongezeka, wadudu wadogo wa majini huila, dagaa huwala wadudu, na migebuka huwala dagaa. Mwisho wa safari hiyo ni sahani yako wewe.

Uvuvi wa usiku

Samaki wanaobeba uvuvi wa ziwa hili ni wachache kwa majina. Dagaa ni wa aina mbili: aliye mdogo na mwingi, na yule mkubwa kidogo aitwaye lumbu. Warundi humwita ndagala, na Wazambia humwita kapenta. Wa tatu ni mgebuka, ambaye Warundi humwita mukeke. Mtu akimla kwa mawese na ugali wa muhogo hamsahau tena. Wako pia sangara wakubwa na kuhe, na samaki wa mawe wa rangi rangi, aina zaidi ya mia mbili, ambao karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani.

Dagaa huvuliwa usiku. Jua likitua, mitumbwi huondoka, mara nyingi miwili imefungwa pamoja kwa miti, na wavu mkubwa umeshushwa katikati kama kikapu. Taa huwashwa. Zamani walitumia moto wa kuni na wavu wa mkono wenye mpini uitwao lusenga. Baadaye zikaja karabai. Siku hizi ni taa za betri na za nguvu ya jua. Wadudu wadogo wa majini hufuata mwanga, dagaa hufuata wadudu, na migebuka hufuata dagaa. Wakishakusanyika, wavu huvutwa juu. Mtu aliye juu ya kilima cha Kigoma usiku wa giza huona taa hizo mpaka mbali, kana kwamba kuna mji mwingine juu ya maji.

Lakini mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake huzishinda taa, dagaa hutawanyika, na mvuvi hapati kitu. Kwa hiyo siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika, hushona nyavu, huziba mitumbwi na kuwaona jamaa zao. Angalieni basi: wavuvi hawa si wageni wa habari ya majira. Mwezi umekuwa ukiwafungia ziwa kila mwezi tangu enzi za babu zao, na hakuna aliyegombana nao.

Alfajiri ni zamu ya wanawake. Mitumbwi ifikapo pwani, wachuuzi hununua dagaa wabichi kwa ndoo au kwa beseni, wakawaanika. Aliyeanikwa juu ya kichanja ni safi, hana mchanga, na bei yake ni nzuri kuliko ya yule aliyemwagwa chini. Jua likiwa kali hukauka kwa siku moja. Mvua ikinyesha huoza, na mtaji wa mama umekwenda na maji. Kisha magunia hupanda gari la moshi na malori, yakapelekwa Tabora, Dodoma, Dar es Salaam na hata Kongo. Dagaa wa Kigoma wajulikana katika kila soko la Tanzania.

Kwa nini samaki wapungua

Wazee wa ziwa watakuambia kwamba samaki si kama wa zamani. Wataalamu nao wasema hivyo, tena wataja sababu zaidi ya moja.

Ya kwanza ni joto. Mwaka 2003 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika gazeti la sayansi liitwalo Nature. Walionyesha kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto, na maji ya joto, kwa kuwa ni mepesi, hukaa juu kama mafuta wala hayachanganyiki vema na yale ya chini. Hivyo mbolea haipandi kama ilivyopanda zamani. Walikadiria kwamba mimea midogo ya ziwani ilikuwa imepungua kwa sehemu 20 katika kila 100, na kwamba jambo hilo laweza kupunguza samaki kwa sehemu 30 hivi. Joto hilo halikuletwa na mvuvi wa Katonga wala wa Rumonge, naye hawezi kulizima kwa mkono wake.

Ya pili ni wingi wetu. Watu wameongezeka pande zote nne za ziwa, na wengi walikimbilia pwani kwa sababu ya vita vya Burundi na Kongo. Aliyepoteza shamba lake huona kwamba ziwa halina hati wala mwenyewe, akatafuta nafasi katika mtumbwi.

Ya tatu ni namna ya kuvua, nayo ndiyo iliyo mikononi mwetu. Dagaa huishi mwaka mmoja na ushei tu. Akifika urefu wa sentimita 7 hivi yuko tayari kuzaa. Watoto wake hukaa karibu na pwani mpaka wakue, ndipo waende katikati. Sasa fikirini kokoro, yaani wavu mrefu unaokokotwa kutoka majini mpaka mchangani. Huo hupita pale pale penye watoto, ukazoa wote pamoja na mayai na majani. Tena wako wavuao kwa vyandarua vilivyotolewa kuzuia mbu. Gunia la dagaa wachanga lina samaki maelfu na maelfu ambao wangalizaa kama wangaliachwa miezi michache tu. Wahenga walisema: bandu bandu huisha gogo.

Sheria za uvuvi

Katika Tanzania sheria iliyo mama wa nyingine zote ni Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003, pamoja na kanuni zake. Yafaa kila kijana atakaye kazi hii aijue kabla ya kununua wavu, wala asingoje kufundishwa na askari. Kwa kifupi mambo yake ni haya.

Kwanza, leseni. Mvuvi atakiwa kuwa na leseni, na chombo chake kiandikishwe na kupewa namba. Wavuvi wadogo huzipata katika halmashauri yao ya wilaya. Wengine huiona leseni kuwa kodi tu. Si hivyo. Nchi isiyojua ina mitumbwi mingapi haiwezi kujua ziwa lachukuliwa samaki wangapi.

Pili, vyombo vilivyokatazwa. Kuvua kwa baruti ni marufuku, na kwa sumu ni marufuku, iwe sumu ya dukani au utupa wa porini. Kokoro ni marufuku katika maziwa. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki ni marufuku, maana zikipotea majini haziozi, huendelea kuua samaki ambao hakuna atakayewala.

Tatu, ukubwa wa matundu na ukubwa wa samaki. Kila aina ya wavu ina kipimo cha chini cha tundu lake, ili mdogo apite na mkubwa abaki. Katika Ziwa Viktoria, kwa mfano, wavu wa dagaa usiwe na tundu chini ya milimita 8, na sangara asiyefika sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa wala kuuzwa. Vipimo havilingani katika maziwa yote, kwa kuwa samaki si wale wale. Basi mvuvi anayehama ziwa amwulize kwanza ofisa wa uvuvi wa mahali anapokwenda.

Nne, mahali palipofungwa. Hifadhi ya Mahale haiishii mchangani. Ina ukanda wa maji wenye upana wa kilomita 1.6, na humo samaki hupata kimbilio. Vijiji kadhaa vya jirani navyo vimejiwekea mazalia yao, mahali ambapo wamekubaliana kwamba hapana kutupa wavu. Kazi hiyo hushikwa na vikundi vya wavuvi wenyewe, vijulikanavyo kwa herufi za BMU, ambavyo hulinda mialo pamoja na Serikali. Hilo ni jambo jema sana, maana mlinzi anayekijua kijiji apita walinzi kumi watokao mbali.

Tano, wakati uliofungwa. Hapa ndipo penye maneno mengi, basi tukae kidogo.

Majira ya kufunga

Kufunga maji si jambo lililobuniwa jana. Zambia ina desturi hiyo kila mwaka: tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari uvuvi hukatazwa katika mito na maziwa yake mengi, ila Ziwa Tanganyika na Ziwa Kariba haviingii katika katazo hilo. Kenya nayo ilifunga Ziwa Naivasha kwa muda wa mwaka mmoja kuanzia mwaka 2001, wakati samaki walipokuwa wamepungua mno.

Mtu aweza kuuliza: mbona Zambia yafunga Desemba na ziwa letu lilifungwa Mei? Jibu ni kwamba samaki hasomi kalenda yetu, asoma maji. Samaki wengi wa mito na mabwawa huzaa mvua zinyeshapo, mito ifurikapo na mbuga zijaapo maji. Ndiyo maana hufungwa wakati wa masika ya huko. Lakini katika ziwa lenye kina kirefu mbolea huletwa na upepo, si na mafuriko, na dagaa huzaa karibu mwaka mzima. Basi tangu Mei mpaka Agosti, upepo wa kusini unapopandisha chakula cha samaki, wakubwa hupewa nafasi ya kutaga na wadogo hupewa nafasi ya kukua.

Tarehe hizo hazikuchaguliwa na nchi moja. Tarehe 12 Juni 2003 nchi zote nne zilitia sahihi mkataba wa kulitunza ziwa, na baadaye ikaundwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Bujumbura. Mwaka 2021 zikapatana juu ya uvuvi wenyewe, pamoja na kulipumzisha ziwa miezi mitatu. Kongo na Burundi zilitangulia kufunga mwaka 2023, na Tanzania ikafunga mwaka 2024.

Malalamiko ya wavuvi

Sasa tusikilize upande wa pili, maana haki haipatikani kwa sikio moja.

Malalamiko ya kwanza ni ya jirani. Mvuvi husema: mimi nikilala na mwenzangu wa ng'ambo asilale, nimefaidi nini? Samaki niliyemwacha leo atavuliwa naye kesho. Neno hili ni la kweli kabisa. Dagaa hana pasi ya kusafiria. Kufunga upande mmoja ni kama kufunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi. Kwa hiyo tarehe za nchi nne zapaswa kuwa zile zile, na doria ziwe za kweli katika kila nchi.

Malalamiko ya pili ni ya chakula. Tajiri mwenye mitumbwi mitatu na nyumba mjini aweza kungoja miezi mitatu. Kijana avutaye wavu hana mshahara. Hulipwa fungu la kile kilichopatikana, baada ya kutoa gharama za mafuta na za chombo. Pasipo samaki, hapana fungu. Na mama mwanikaji hata hayumo katika hesabu za wengi, kwa kuwa hana mtumbwi wala leseni, ingawa ada za watoto zatoka katika vichanja vyake. Tena miezi iliyofungwa ni ya kiangazi, wakati jua lake la kuanikia ni zuri kuliko yote. Anayesema kwamba sheria hii haina uchungu hajakaa mwaloni.

Malalamiko ya tatu ni ya upendeleo. Wavu wa maskini huchomwa moto mbele ya watu, lakini nyavu zile zile haramu zilipitaje mpakani, na ni nani aliyeziuza dukani? Sheria ikimkamata mvuaji peke yake na kumwacha mwuzaji, watu wataiona kuwa ni sheria ya wanyonge, nao hawataipenda. Sheria isiyopendwa huvunjwa usiku.

Haya yote ni ya haki, lakini hakuna hata moja lisemalo kwamba ziwa lisipumzike. Yasema tu kwamba lipumzike kwa haki. Mgonjwa akilalamika kwamba dawa ni chungu, hatuimwagi. Twatafuta namna ya kumsaidia ainywe.

Yatupasayo

Sisi Wakristo jambo hili halipaswi kutushangaza. Katika Sheria ya Musa, kitabu cha Walawi, sura ya 25, Waisraeli waliamriwa kuipumzisha ardhi mwaka wa saba. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aliyekuta kiota aliruhusiwa kuchukua makinda lakini alikatazwa kumchukua na mama yao. Hiyo ni sheria ya uvuvi kabisa, ingawa yataja ndege: chukua chakula chako, bali kiache kile kitakachozaa chakula cha kesho. Tena Mitume wa kwanza walikuwa wavuvi wa ziwa la maji baridi, waliofanya kazi usiku kucha kama hawa wetu, nao walijua maana ya wavu mtupu asubuhi.

Kufunga ziwa, basi, ni saumu. Nasi twajua saumu ni nini. Afungaye hafanyi hivyo kwa kuwa chakula ni kibaya, ila kwa kuwa kuna jambo jema kupita kushiba kwa leo. Lakini saumu ya kijiji ina masharti mawili. La kwanza, kila mtu afunge. Mmoja akila mafichoni huwavunja moyo wote, na huyo alaye mafichoni ziwani huila sehemu ya jirani yake hasa. La pili, aliye nacho amkumbuke asiye nacho, maana saumu ya tajiri na njaa ya maskini ni vitu viwili mbalimbali.

Kwa hiyo kila mtu ana kazi yake. Wakubwa wa Serikali watangaze tarehe mapema, miezi mingi kabla, ili watu wajiandae. Tena wakati wa kufungua ukifika, waseme wazi samaki wameongezeka kwa kiasi gani na ukubwa gani, kwa hesabu na si kwa hotuba. Matajiri wa mitumbwi wasiwaache vijana wao mikono mitupu. Kuna nyavu za kushonwa, mitumbwi ya kutengenezwa na mashamba ya michikichi ya kupaliliwa. Vyama vya akiba na mikopo vya wavuvi viweke fungu la miezi hiyo mitatu. Mtu akiweka akiba kidogo kila mwezi wa giza, samaki wanapojaa, hatalia Mei itakapofika. Akiba haiozi. Kina mama wajifunze kukausha vizuri juu ya vichanja na kuhifadhi penye ubao na pasipo unyevu, maana dagaa aliyehifadhiwa vema huuzwa kwa bei nzuri wakati ziwa limefungwa. Ufugaji wa samaki katika mabwawa nao waweza kusaidia, kwa wale wenye maji na mtaji.

Parokia za pwani nazo zisikae kutazama. Padre, mchungaji na katekista wanajua nyumba ipi ina mjane na nyumba ipi ina mgonjwa. Kabla ya ziwa kufungwa, na iwepo orodha. Mavuno ya mahindi hupatikana karibu na miezi hiyo, basi debe moja kutoka kwa kila mkulima wa mlimani laweza kumvusha mvuvi wa pwani. Naye mvuvi, ziwa likifunguliwa, hatasahau.

Na sisi tulio mbali na ziwa, tukaao Tabora, Iringa au Dar es Salaam, tusijidhani kwamba hatumo. Kila aendaye sokoni ni mwenye sheria mkononi. Dada yangu, ukikuta fungu la dagaa wadogo kama sindano, wachanga kabisa, bei rahisi, jua kwamba wametoka katika kokoro au chandarua. Usipowanunua, mchuuzi hatawaleta tena. Asipowaleta, mvuvi hatawavua. Askari wa doria hawezi kufika kila ghuba, lakini kikapu chako chafika kila siku.

Mwisho tukumbuke jambo moja juu ya dagaa huyu mdogo. Lumbu wa Ziwa Tanganyika alichukuliwa akapandwa katika Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na katika Ziwa Kariba mwaka 1967 na 1968. Huko kote alizaa akajaa, na leo walisha watu wengi wa Kongo, Rwanda, Zambia na Zimbabwe. Samaki asiyezidi urefu wa kidole amelisha mataifa kwa sababu tu alipewa maji na muda. Sasa muda huo huo ndio unaotakiwa nyumbani kwake, miezi mitatu katika kumi na miwili. Tukimnyima kwa kuwa leo tuna njaa, watoto wetu watakuwa na njaa ile ile, wala hawatakuwa na ziwa la kufunga.